Honda, zimwi lake na mzee wa Makueni

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Kitui, aliniletea pendekezo la utafiti kuhusu mazimwi katika hadithi za Wakamba. Lilikuwa limeandikwa kwa bidii, na vitabu vilivyostahili kutajwa vilikuwa vimetajwa, tangu mikusanyo ya Gerhard Lindblom, yule Mswidi aliyeishi Ukambani kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, hadi ule wa Profesa John Mbiti, mwana wa Mulango, uliotoka mwaka 1966. Ila katika ukurasa wa tatu nilikutana na sentensi iliyonifanya niweke kalamu chini. Kijana alidai kwamba zimwi ni chombo cha kuwatisha watoto ili walale, na kwamba halina tofauti na lile jitu la sinema za Kijapani liitwalo Godzilla, ambalo kazi yake yote ni kuvunja nyumba za maboksi na kuwachekesha watazamaji.

Sikumpunguzia alama. Nilimwita ofisini nikamsimulia maisha ya mtu mmoja. Leo naomba msomaji aniruhusu niyasimulie tena, maana nashuku kwamba wazo la kijana yule ni wazo la wengi wetu, na mimi mwenyewe nililiamini kwa miaka mingi hadi nilipoaibishwa na babu yangu.

Mtu mwenyewe ni Ishiro Honda. Hana udugu na pikipiki zinazobeba abiria huko Wote na Mwingi. Ni jina tu limegongana. Alizaliwa tarehe 7 Mei 1911 katika kijiji cha Asahi, mkoa wa Yamagata, sehemu ya milima na theluji nyingi kaskazini mwa Japani. Baba yake alikuwa kasisi wa Kibudha, naye Ishiro alikuwa kitindamimba wa watoto watano. Familia ilihamia Tokyo alipokuwa mtoto wa miaka kama kumi hivi, na huko ndiko alikokutana na sinema. Zilikuwa picha zisizo na sauti, na kando ya kitambaa alisimama msimulizi aliyewaeleza watazamaji kila kinachotokea, akibadilisha sauti kulingana na mhusika. Yasemekana kwamba mtoto Honda alivutiwa na msimulizi kuliko picha. Msomaji wa Kenya hatashangaa, kwa kuwa vijana wetu nao wamejipatia riziki kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng, na wako wanaolipa kiingilio kwa ajili ya msimulizi na si kwa ajili ya filamu.

Mwaka 1931 aliingia Chuo Kikuu cha Nihon kusomea sinema, na mwaka 1933 akaajiriwa katika kampuni ndogo ya picha ambayo baadaye iliungana na nyingine kuwa kampuni mashuhuri ya Toho. Angalipanda ngazi upesi kama wenzake, lakini jeshi lilimtaka. Aliitwa kwa mara ya kwanza katikati ya miaka ya 1930, akapangwa katika kikosi cha askari wa miguu mjini Tokyo. Tarehe 26 Februari 1936 baadhi ya maofisa vijana walijaribu kuipindua serikali, na mmoja wa viongozi wa uasi huo alikuwa ofisa wa kikosi chake. Honda hakushiriki, lakini doa lilikipata kikosi kizima, nacho kikapelekwa mbali, Manchuria. Aliporudi akaitwa tena, na aliporudi mara ya pili akaitwa mara ya tatu. Kwa jumla alitumikia zaidi ya miaka sita vitani nchini Uchina, huku wenzake waliobaki studio, akiwamo rafiki yake mkubwa Akira Kurosawa, wakiendelea kupata vyeo na sifa. Katikati ya safari hizo, mwaka 1939, alimwoa Kimi, binti aliyefanya kazi katika kampuni hiyohiyo.

Lipo jambo ambalo wengi wa wanaomsifu hulipita haraka, nami sitalipita. Katika mojawapo ya vipindi vyake huko Uchina, Honda alipewa kazi ya kusimamia nyumba ambamo jeshi la Japani liliwaweka wanawake kwa ajili ya askari. Yeye mwenyewe aliandika juu yake baadaye. Wanawake wale wengi hawakwenda huko kwa hiari, na yeye alikuwa sehemu ya mtambo uliowasaga. Hivyo mtu ninayemsimulia hakuwa malaika aliyeitazama vita kutoka dirishani. Alikuwa askari wa jeshi lililovamia nchi ya wenyewe, na alijua kwa macho yake ni nini kilichofanyika.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 alikuwa mateka mikononi mwa Wachina. Alirejea Japani mwaka 1946, na gari moshi lililompeleka kwao lilipitia Hiroshima. Alichokiona pale hakikumtoka tena. Alirudi pia na kitu kimoja kisicho cha kawaida: kombora dogo lililoanguka karibu naye vitani lakini likakosa kulipuka. Alilihifadhi, na kwa maisha yake yote likakaa juu ya meza yake ya kuandikia, kama wengine wanavyoweka picha ya harusi.

Wakati huo Wajapani hawakuwa na ruhusa ya kuzungumza waziwazi juu ya bomu la atomiki. Wamarekani waliitawala nchi hadi Aprili 1952, na wakaguzi wao walizuia magazeti, vitabu na picha zilizohusu Hiroshima na Nagasaki. Kwa karibu miaka saba taifa zima lilibeba msiba ambao lilikatazwa kuutaja. Mtu yeyote anayeshughulika na lugha anajua kwamba jambo lisiloruhusiwa kutamkwa halifi. Hutafuta mlango mwingine.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1954. Tarehe 1 Machi Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, Bahari ya Pasifiki, na mlipuko ukazidi makadirio ya waliolitengeneza. Mashua ya wavuvi wa Kijapani iliyoitwa Daigo Fukuryu Maru, yaani Joka la Bahati Namba Tano, ilikuwa nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari. Hata hivyo vumbi jeupe liliwanyeshea wavuvi wote 23. Walirudi bandarini wakiwa wagonjwa, samaki wao wakiwa na sumu ya mnururisho, na tarehe 23 Septemba mwaka huohuo fundi wa redio wa mashua hiyo akafariki. Nchi nzima iliogopa kula samaki. Ni katika hofu hiyo ambapo mtayarishaji wa Toho, Tomoyuki Tanaka, ambaye mpango wake wa kupiga picha huko Indonesia ulikuwa umevunjika, aliwaza juu ya mnyama wa kale aliyeamshwa baharini na majaribio ya mabomu. Kazi ya kuongoza akapewa Honda.

Jina lake kwa Kijapani ni Gojira, na hapa mniwie radhi nikikaa kidogo darasani. Limeundwa kwa kuunganisha gorira, ambaye ni sokwe mkubwa, na kujira, ambaye ni nyangumi. Sisi wanaisimu huuita mbinu hii uhulutishaji. Hutumika pale kitu kipya kinapokuja na lugha haina neno lake. Mtu huchukua vipande vya vitu anavyovijua akavifunga pamoja. Wakamba nao hawakuwahi kuiacha njaa ipite bila kuibandika jina. Ile ya mwisho wa karne ya 19 waliiita Ngomanisye. Katika miaka ya 1980 walikuwa na nyingine waliyoiita Nikw'a Ngwete, kwa maana ya mtu anayekufa ilhali fedha zi mkononi, kwa sababu fedha zilikuwapo na chakula hakikuwapo cha kununua. Mzee wa Kitui akikutajia jina la njaa, hakuelezi habari za mvua tu. Anakueleza nani alizikwa.

Ndivyo Honda alivyolichukulia zimwi lake. Inajulikana kwamba aliwakusanya wafanyakazi wake kabla ya kuanza, akawataka wausome mswada, na yeyote asiyeuamini aondoke mapema. Hakutaka mtu wa kucheka. Fundi wa hila za picha, Eiji Tsuburaya, alijenga Tokyo ndogo ya mbao na plasta, na mwigizaji Haruo Nakajima akavishwa vazi la mpira lenye uzito wa karibu kilo 100. Ndani yake palikuwa na joto kali mno, hata hakuweza kulivumilia kwa zaidi ya dakika chache kwa mpigo. Mtunzi wa muziki, Akira Ifukube, alipata ngurumo ya mnyama huyo kwa kukwaruza nyuzi za zeze kubwa la besi kwa glavu ya ngozi. Vifaa vilikuwa duni, na ukitazama leo utaona mara moja kwamba gari moshi lile ni kichezeo. Lakini tazama jinsi Honda alivyopiga picha baada ya zimwi kupita. Mji umelala chini kama Hiroshima ilivyolala alipoipita kwa gari moshi. Majeruhi wamejazana kwenye vijia vya hospitali. Mama mmoja amewakumbatia wanawe huku moto ukikaribia, akiwaambia kwamba muda si muda watakuwa na baba yao. Wanafunzi wa kike wanaimba kuwaombea wafu.

Bibi yangu mzaa mama, tuliyemwita susu, alikuwa mtu wa Kitui, na jioni alitusimulia habari za eimu aliyemeza kijiji kizima, watu na ng'ombe na mbwa wao. Mwishowe kijana mmoja akamkata kidole cha mwisho, na wote wakatoka humo wakiwa hai, mmoja baada ya mwingine, na sisi tulikuwa tukiwahesabu kwa wimbo. Katika hadithi ya Honda hakuna kidole cha kukata. Waliomezwa wamemezwa. Hata mwanasayansi Serizawa, mwenye silaha pekee inayoweza kuliua zimwi, anaona kwamba silaha hiyo ikijulikana itakuwa zimwi jingine, kwa hiyo anateketeza karatasi zake na kuchagua kufa nalo chini ya bahari.

Filamu ilitolewa tarehe 3 Novemba 1954. Tiketi zilizouzwa zilikuwa kama milioni 9.6, katika nchi ambayo miaka tisa tu kabla ya hapo ilikuwa majivu. Wahakiki wa magazeti walitofautiana. Wapo waliomlaumu Honda kwamba alifanya biashara kwa msiba ambao kidonda chake kilikuwa kibichi. Sidhani walikuwa na haki, ingawa naielewa hasira yao. Yasemekana pia kwamba watu walitoka kwenye majumba ya sinema wakilia, na sijui mtu anayelia kwa ajili ya mpira na plasta.

Kisha likaja pigo la tafsiri. Mwaka 1956 wafanyabiashara wa Marekani waliitoa upya filamu hiyo kwa ajili ya watazamaji wao. Walikata zaidi ya nusu saa ya kazi ya Honda, wakapachika vipande vipya vyenye mwigizaji wao Raymond Burr, akiwa mwandishi wa habari anayezunguka Tokyo na kueleza kila kitu kwa Kiingereza. Mwanamke aliyetaja ndani ya gari moshi kwamba aliponea Nagasaki alitolewa. Mazungumzo juu ya samaki wenye sumu yalitolewa. Onyo la mwisho la mzee Yamane, kwamba majaribio ya mabomu yakiendelea huenda likatokea zimwi jingine, nalo likatolewa, na mahali pake pakawekwa maneno ya faraja. Hili ndilo toleo lililoenea ulimwenguni. Lile la Honda halikuonyeshwa kwa upana katika majumba ya sinema ya Marekani hadi mwaka 2004. Kwa takriban nusu karne, basi, watu waliicheka filamu ambayo sababu yake ilikuwa imeng'olewa. Zimwi lisilo na sababu ni kichekesho. Hilo nampa mwanafunzi wangu.

Toleo hilohilo ndilo lililofika Makueni.

Ilikuwa Desemba 1993, na Makueni ilikuwa imetengwa na Machakos kuwa wilaya mwaka mmoja tu kabla yake. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Babu mzaa baba alinichukua siku ya soko huko Wote, tukauza mbuzi wawili, na tulipokuwa tukitafuta gari la kurudi mvua ikatunyeshea. Tulijikinga kwenye ukumbi wa video, kibanda cha mabati chenye shuka mlangoni na jenereta ikinguruma nyuma. Kwenye ubao palikuwa pameandikwa kwa chaki kwamba ni sinema ya Wajapani. Mimi nilimsihi tuingie, nikijua fika kwamba atakataa, kwani alikuwa mtu wa kanisa na aliona video ni upuuzi wa vijana wasio na mashamba. Aliniuliza maandishi yale yanasemaje. Nilipomsomea, akatoa pesa.

Sikujua kwamba alikuwa hajamwona Mjapani tangu mwaka 1945. Nilijua tu kwamba alikuwa askari wa Keya na kwamba alifika Burma, kwa sababu watu walimwita hivyo, Burma, kama jina la utani. Wakamba wengi walijiunga na jeshi la Keya nyakati zile, wengine kwa kupenda, wengine kwa kusukumwa na machifu. Waliorudi hawakupewa mashamba makubwa kama Wazungu waliopigana nao bega kwa bega. Babu yeye alipata kipande chake Makueni baada ya serikali ya kikoloni kufyeka vichaka vya mbung'o na kuwahamishia watu huko. Juu ya vita hakusema lolote.

Tuliketi kwenye benchi. Mimi niliyejivunia Kiingereza cha darasa la sita nilimfuata Raymond Burr neno kwa neno, na pale sikupata nilijifanya nimepata. Babu hakujua Kiingereza. Alijua Kikamba, na Kiswahili cha Keya, ambacho ni Kiswahili cha amri. Basi tulitazama filamu mbili tofauti kwenye televisheni moja. Mimi nilitazama ya Wamarekani. Yeye, kwa kuwa sauti ya msimulizi haikumfikia, alibakiwa na picha peke yake, na picha zilikuwa za Honda.

Meli iliwaka moto ghafla katikati ya bahari, ikazama. Nikamwona babu amekaza mikono juu ya magoti. Baadaye kidogo zikaja manowari za Kijapani, zikiangusha mabomu ya kulipukia chini ya maji ili kulisaka zimwi, na bahari ikainuka kwa milima ya povu. Vijana ukumbini walishangilia. Babu aliinuka, akapita katikati ya miguu ya watu, akatoka. Nilimwacha aende. Nilidhani amechoshwa.

Alirudi Tokyo ilipokuwa ikiteketea. Hakuketi, alisimama mlangoni ameishika ile shuka kwa mkono mmoja, akatazama mji ukiungua, akatazama majeruhi kwenye vijia vya hospitali, akatazama wale wasichana wakiimba, hadi mwisho. Njiani nilikuwa nikinguruma kama zimwi na kukanyaga madimbwi. Aliniambia ninyamaze. Kisha akaniuliza Wajapani wangapi walikufa katika mji ule. Nilimjibu, kwa ujuaji wa mtoto, kwamba ile ni sinema tu na hakuna aliyekufa. Akasema hakuniuliza habari za sinema.

Sikuwa na jibu, na miaka minane ilipita kabla hatujalirudia jambo hilo. Mwaka 2001 nilikuwa chuo kikuu na babu alikuwa mgonjwa. Jioni moja, bila kuulizwa, alinisimulia habari za meli. Mapema mwezi wa Februari 1944 msafara wa meli tano zilizobeba askari uliondoka Mombasa kuelekea Colombo. Yeye alikuwa katika mojawapo. Nyingine iliitwa Khedive Ismail, na ndani yake kulikuwa na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, Waingereza, na wauguzi wanawake. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga Khedive Ismail, nayo ikazama kwa muda wa kama dakika mbili. Walioponea waliogelea wakishika mbao. Nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Ndipo manowari za Kiingereza zikaja kwa kasi na kuangusha mabomu chini ya maji mahali palepale watu walipokuwa wakiogelea, kwa sababu kama nyambizi ingeachwa ingezipiga meli nyingine, na katika mojawapo ya hizo nyingine alikuwamo babu yangu. Nyambizi ilizamishwa siku hiyohiyo. Waliokufa wote katika Khedive Ismail walikuwa 1,297.

Babu alikuwa ameliona hilo kutoka sitahani, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Aliona bahari ikiinuka kwa povu na watu wakiwa ndani ya povu. Kisha alipelekwa Burma, akatembea katika matope ya bonde la Kabaw pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akavuka mto Chindwin mwishoni mwa mwaka huo, akarudi nyumbani kufuga mbuzi. Kwa miaka hamsini hakuwa na neno la kuliitia jambo lile. Alilipata kwenye kibanda cha video, kutoka kwa askari wa adui ambaye pengine naye alikuwa akitafuta neno lake. Ninasema pengine, lakini moyoni sina shaka.

Honda mwenyewe hakuwa na mwisho mtamu katika kazi aliyoianzisha. Toho iligundua kwamba zimwi linaleta fedha, na kila baada ya muda ikataka jingine. Alitengeneza Rodan mwaka 1956, Mothra mwaka 1961, na mwaka 1962 akaongoza filamu ya Godzilla akipigana na King Kong, iliyopendwa sana. Watazamaji wakazidi kuwa watoto. Kufikia mwaka 1965 zimwi lililoiteketeza Tokyo lilikuwa likirukaruka kwa furaha ya ushindi kama mcheza ngoma, jambo ambalo Honda hakulipenda. Aliwahi kueleza kwamba majitu yake hayakuwa maovu kwa kutaka. Yalizaliwa makubwa mno na mazito mno, na huo ndio msiba wao. Ni maelezo ya mtu mpole. Alifanya kazi ya televisheni, akarudi kuongoza filamu yake ya mwisho ya jitu hilo mwaka 1975, akapumzika.

Kisha rafiki yake wa ujana akamwita. Kuanzia Kagemusha ya mwaka 1980 hadi Madadayo ya mwaka 1993, Honda alifanya kazi kando ya Kurosawa kama msaidizi, bila wivu, ingawa naye alikuwa mwongozaji aliyejulikana duniani kote. Katika filamu ya Kurosawa ya mwaka 1990 iitwayo Dreams mna sehemu ambayo wapo wanaoiona alama ya mkono wa Honda. Ofisa anarudi kutoka vitani akiwa peke yake, anapita ndani ya handaki lenye giza, na nyuma yake anatokea askari wake mmoja aliyekufa, uso wake wa samawati, asiyejua kwamba amekufa. Kisha kinatokea kikosi kizima. Ofisa anawaomba msamaha kwa kubaki hai, anawaamuru wageuke, nao wanageuka na kurudi gizani kwa hatua za gwaride. Nilipoitazama mara ya kwanza niliirudisha nyuma mara tatu.

Ishiro Honda alifariki mjini Tokyo tarehe 28 Februari 1993, akiwa na umri wa miaka 81. Hivyo mimi na babu tulipoingia kwenye kile kibanda cha Wote, miezi kumi baadaye, mwenye filamu alikuwa kaburini, na hakuna gazeti lililofika kwetu lililokuwa limetuambia.

Mwanafunzi wangu ameiandika upya ile sentensi ya ukurasa wa tatu. Amekwenda Mulango na Mutomo kurekodi hadithi, na nimemwagiza asiwaulize wazee zimwi lilikuwa na macho mangapi. Awaulize kwanza msimulizi wa msimulizi wao aliishi wakati wa njaa gani. Kanda tatu za mwanzo ameshanitumia, na kazi ni nzuri.

Yamebaki yale niliyokuwa ninadaiwa na babu. Baada ya kunisimulia habari za meli nilikwenda maktaba, nikarudi Makueni likizo iliyofuata na jibu la swali alilonitupia njiani mwaka 1993. Nilimweleza kwamba Tokyo ilichomwa na ndege za Marekani usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945, na kwamba watu kama 100,000 walikufa usiku huo mmoja. Alikuwa amelala kwenye kiti chake cha kamba chini ya mwembe. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama wanawake wamehesabiwa humo. Nikamwambia wamehesabiwa, na watoto pia. Akasema hata ile meli ilikuwa na wanawake, walikuwa wakiimba walipoondoka Mombasa, na akaniomba nimsogezee kiti, kwa maana jua lilikuwa limeshamfikia.